Ugonjwa Usiotajwa: Maelezo juu ya Saratani ya Njia ya Haja Kubwa

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Doldol, na kuchapishwa katika Taarifa hii kwa agizo la Kamati



Kabla ya kuanza twaomba radhi. Neno tutakalolisema leo si la kusemwa mbele ya mkwe, wala mbele ya watu wa marika mbalimbali waliokaa pamoja chini ya mti mmoja. Sisi sote tumelelewa tukijua kwamba ziko sehemu za mwili zisizotajwa barazani. Adabu hiyo ni njema, wala hatukuja kuivunja. Lakini Kamati imetuagiza tuseme, kwa kuwa mwaka uliopita adabu hiyo, ikishikana na kanuni zetu wenyewe, ilitutia hasara ambayo Mweka Hazina hawezi kuiandika katika hesabu zake.

Mwanzoni mwa mwaka uliopita tulipokea barua ya mama mmoja mzee, koko wa wajukuu wengi, mwanachama asiyepata kukosa ada yake. Aliandikiwa na mjukuu wake. Aliomba nauli ya kwenda Nanyuki na fedha kidogo za kukaa huko, kwa ajili ya ugonjwa. Ugonjwa gani, hakusema. Sasa, kanuni yetu yataka kila aombaye msaada wa matibabu aje mwenyewe aueleze ugonjwa wake mbele ya Kamati. Basi tukamwandikia aje, naye akaja. Alipoingia akawakuta katika Kamati wanaume wawili waliooa binti zake. Akasema kwamba ni tumbo tu, akaaga, akarudi nyumbani. Sisi tukaandika katika daftari: "Ombi halina maelezo ya kutosha. Liahirishwe." Liliahirishwa mara tatu. Maneno hayo ni ya mwandiko wetu, na daftari lipo, atakaye aweza kulisoma.

Miezi ile yote mama yule alikuwa akitoka damu kila aendapo haja. Alidhani ni bawasiri. Alinunua dukani dawa ya kupaka, akanywa na supu ya olkiloriti kama walivyokunywa mama zake. Mwanawe alipouza ng'ombe na kumpeleka hospitali, ugonjwa ulikuwa umekwisha kushika tezi za kinena na kufika kwenye ini. Aliaga dunia kabla mwaka haujaisha. Siku ile ile Chama kilitoa fedha za jeneza na za gari, wala hapana mjumbe hata mmoja aliyeuliza amekufa kwa ugonjwa gani.

Watoto wake wametupa ruhusa ya kuyasema haya, mradi jina lisitajwe. Nasi twayasema kwa sababu ugonjwa uliomwua una dawa, na dawa yake hufaa zaidi mtu anapowahi.

Kwanza, ugonjwa wenyewe. Mwisho kabisa wa utumbo pana kijia kifupi, urefu wake sentimita 3 hadi 5 tu, kilichozungukwa na misuli inayokaza na kulegea. Hicho ndicho tunachokiita njia ya haja kubwa. Kwa ndani kimefunikwa na utando laini ambao kwa chini huungana na ngozi ya nje. Mwili umejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo seli, nazo huzaliwa na kufa kwa utaratibu wake. Seli zikiuacha utaratibu huo zikawa zinazaana bila kukoma, huo ndio mwanzo wa saratani, ambayo wengine huiita kansa. Zikianzia katika kijia hicho hufanya donda au uvimbe, na zikiachwa huingia katika misuli, huenda katika tezi za kinena na za nyonga, kisha huchukuliwa na damu hata kwenye ini na mapafu.

Ugonjwa huu ni adimu. Hapa Kenya twasikia zaidi habari za saratani ya umio, ya mlango wa kizazi, ya matiti na ya tezi dume. Lakini uadimu wake ni hatari ya namna yake, kwa maana hata mhudumu wa afya aweza kutoufikiria. Tena usichanganywe na saratani ya utumbo mpana. Ingawa ni majirani, asili zao ni mbalimbali na matibabu yao hayafanani.

Je, chanzo chake ni nini? Katika kila wagonjwa 10, kama 9 ugonjwa wao umeanzishwa na virusi. Huenda wazee wakashangaa kusikia kwamba virusi vyaweza kuleta saratani. Hata madaktari walishangaa zamani, na jambo lililowafumbua macho lilitoka hapa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda na nchi jirani. Vipande vya uvimbe huo vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Anthony Epstein pamoja na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr waliona virusi ndani ya seli zake. Hivyo vilikuwa virusi vya kwanza kupatikana katika saratani ya wanadamu.

Virusi vya ugonjwa wetu wa leo ni vingine. Vyaitwa virusi vya papiloma, na madaktari huvifupisha kwa herufi HPV. Aina zake ni nyingi, nyingine huleta chunjua tu. Aina ya 16 ndiyo kali zaidi. Mwaka 1983 Harald zur Hausen na wenzake huko Ujerumani waliikuta katika saratani ya mlango wa kizazi, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Aina hiyo hiyo ndiyo inayoonekana zaidi katika saratani ya njia ya haja kubwa.

Hapa twaomba tusikilizwe kwa makini, maana ndipo aibu inapoanzia. Virusi hivi huenea kwa kugusana ngozi kwa ngozi wakati wa kujamiiana. Karibu kila mtu aliyepata kuoa au kuolewa hukutana navyo wakati fulani wa maisha yake. Mwili wa watu wengi huvishinda katika mwaka mmoja au miwili, wala mwenyewe hajui. Kwa wachache havitoki. Hukaa kimya miaka mingi, pengine ishirini au thelathini, ndipo saratani hutokea. Kujamiiana kwa njia ya nyuma huongeza hatari, nasi hatutaficha. Lakini wengi waupatao ugonjwa huu, hasa wanawake, hawakupata kufanya hivyo kamwe, kwa kuwa virusi vya sehemu ya mbele huweza kuhamia nyuma kwa ujirani tu. Kwa hiyo mtu akiugua, ugonjwa wake si ushahidi wa mwenendo wake, wala wa mumewe, wala wa mkewe. Asiyejua hilo na asifanye uamuzi.

Wako watu ambao hatari yao ni kubwa kuliko ya wengine. Wa kwanza ni wenye virusi vya UKIMWI, kwa kuwa kinga ya mwili wao imepungua. Wa pili ni wanawake waliopata kuugua saratani ya mlango wa kizazi au ya sehemu za siri, au mabadiliko ya seli yanayoitangulia. Wa tatu ni waliowekewa figo ya mtu mwingine na sasa wanakunywa dawa za kupunguza kinga. Wa nne ni wavutaji wa sigara. Kadhalika umri huongeza hatari, na wengi wa wagonjwa wamekwisha kupita miaka 50. Wanawake huupata zaidi kidogo kuliko wanaume.

Dalili zake ni hizi. Damu wakati wa haja au baada yake. Maumivu, au hisia kwamba kuna kitu kimekwama pale. Kijinundu au donda lisilopona. Muwasho usiokoma. Ute au usaha. Choo kubadilika umbo au kushindwa kuzuilika. Mitoki, yaani uvimbe wa tezi za kinena. Wengine hawana dalili yoyote.

Mtaona wenyewe kwamba nyingi ya dalili hizi ni za bawasiri pia. Hapo ndipo mtego ulipo. Watu wengi watokao damu wana bawasiri kweli, wala si saratani, na bawasiri haigeuki kuwa saratani. Lakini mtu aweza kuwa na vyote viwili, na kwa kutazama damu peke yake hapana awezaye kutofautisha, awe mgonjwa, awe muuza duka, awe mganga wa mitishamba. Basi kipimo chetu kiwe hiki: damu au kijinundu kikizidi wiki mbili au tatu, mtu aende akapimwe. Na akipewa dawa ya kupaka bila kuguswa wala kutazamwa, aombe kwa heshima atazamwe. Si utovu wa adabu kuomba hivyo.

Wengi huogopa upimaji kuliko ugonjwa, kwa hiyo twaueleza. Mgonjwa hulala ubavu, amefunikwa shuka. Daktari huvaa glavu, akapaka mafuta, akaingiza kidole kimoja apapase. Huchukua dakika moja. Kisha aweza kutumia kijibomba kifupi chenye taa atazame ndani, na hugusa kinena kutafuta tezi zilizovimba. Mama aweza kuomba daktari mwanamke, au muuguzi mwanamke asimame karibu. Akiona jambo la kutilia shaka, daktari hukata kipande kidogo sana cha nyama, baada ya ganzi, nacho hupelekwa kupimwa kwa hadubini. Hapana njia nyingine ya kuhakikisha. Wako wasemao kwamba saratani ikiguswa na kisu hutawanyika. Si kweli. Kipande hicho ndicho kimpacho daktari jina la ugonjwa, na bila jina hapana matibabu. Baada ya hapo hupigwa picha za kuonyesha ugonjwa umefika wapi. Hupimwa damu, pamoja na kipimo cha virusi vya UKIMWI, na mwanamke hupimwa mlango wa kizazi pia.

Twamtaja hapa mwigizaji wa filamu wa Marekani, Marcia Cross. Ugonjwa wake uligunduliwa mwaka 2017 na daktari wa wanawake katika upimaji wa kawaida, akatibiwa, na mwaka 2019 akatangaza hadharani ni ugonjwa gani, kwa kuwa aliona wenzake wengi wakiugua kwa siri na kwa aibu. Twamtaja ili wazee wajue kwamba aibu hii si ya Doldol peke yake. Hata kwenye nchi zenye hospitali kila mtaa, watu hufa wakiificha.

Sasa matibabu. Mwaka 1908 Ernest Miles, daktari wa London, alieleza upasuaji mkubwa wa kuondoa sehemu ya mwisho ya utumbo pamoja na njia yote ya haja kubwa. Tundu lilitobolewa tumboni, na choo kikapita humo na kuingia katika mfuko maisha yote. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa tiba ya ugonjwa huu, na hofu ya upasuaji ule ingaliko hata leo.

Mwaka 1974 Norman Nigro wa mji wa Detroit, Marekani, alitoa habari za wagonjwa 3. Aliwapa dawa za saratani pamoja na mionzi kabla ya kuwapasua, akikusudia kuupunguza uvimbe tu. Wawili walipasuliwa, na katika nyama iliyotolewa haikuonekana hata seli moja ya saratani. Wa tatu alikataa kupasuliwa, naye akaendelea bila dalili ya ugonjwa. Kwa hiyo madaktari wakajiuliza: tunakata nini, ikiwa ugonjwa umekwisha?

Majibu yalitafutwa kwa majaribio makubwa. Katika jaribio la Uingereza lililotangazwa mwaka 1996, wagonjwa 585 waligawanywa makundi mawili. Waliopewa mionzi peke yake, kama 60 katika kila 100 ugonjwa wao haukudhibitiwa pale ulipoanzia. Waliopewa mionzi pamoja na dawa, hesabu hiyo ilishuka chini ya 40. Jaribio la pili, lililotangazwa mwaka 2013, lilikuwa na wagonjwa 940, na kama 9 katika kila 10 uvimbe wao ulikuwa umetoweka kabisa ilipofika wiki ya 26 tangu kuanza matibabu. Katika hesabu za Marekani, zaidi ya wagonjwa 80 katika 100 ambao ugonjwa wao haujatoka mahali pake huwa hai baada ya miaka 5. Ukiwa umekwisha kufika mbali, kama kwenye ini, hesabu hiyo hushuka hata karibu theluthi moja. Wazee, kati ya hesabu hizo mbili mna miezi ile tuliyoandika "liahirishwe".

Kwa kawaida, basi, mgonjwa hatibiwi kwa kisu kwanza. Hupewa dawa mbili: mitomaisini, ambayo huingizwa katika mshipa, na fluorourasili, ambayo hupitishwa mshipani siku kadhaa, au badala yake hupewa vidonge vya jamii yake. Pamoja na hizo huchomwa mionzi kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki 5 au 6. Mashine ya mionzi haigusi mwili, na wakati wenyewe haiumi. Uvimbe mdogo sana wa ngozi ya nje huweza kukatwa peke yake. Upasuaji mkubwa wa kuweka mfuko hubaki kwa wale ambao ugonjwa haukwisha au umerudi, na hata hao wengi huokoka kwa huo. Mtu mwenye mfuko hula, huchunga, hulima, huhudhuria mkutano. Wako wanaoishi hivyo miaka na miaka.

Hatutawadanganya kwamba ni tiba nyepesi. Wiki ya tatu na kuendelea ngozi ya pale huungua kama kwa moto, hata kutoka malengelenge. Mgonjwa huhara, huchoka, hukosa hamu ya chakula. Damu yake hupungua nguvu ya kupigana na vijidudu, kwa hiyo akipata homa asingoje asubuhi, arudi hospitali upesi. Mionzi huharibu uzazi, basi mwanamke au mwanamume atakaye watoto bado na aulize kabla ya kuanza. Mengi ya maumivu haya hupungua wiki chache baada ya kumaliza. Jambo kubwa ni asikatishe katikati, kwa maana siku zinazorukwa huupa ugonjwa nafasi.

Tena baada ya matibabu yafaa subira. Uvimbe hauishi siku ile mashine inapozimwa, bali huendelea kunywea miezi kadhaa. Katika jaribio lile la mwaka 2013, wengi ambao uvimbe wao bado ulionekana wiki ya 11 hawakuwa nao tena wiki ya 26. Kwa hiyo mgonjwa asikate tamaa mapema, wala asiache kurudi kupimwa, kwa kuwa ugonjwa ukirudi mara nyingi hurudi katika miaka 3 ya kwanza.

Wapi haya yapatikana? Kutoka hapa Doldol, mlango wa kwanza ni hospitali yetu hapa hapa, kisha Nanyuki, kama kilomita 50, kisha hospitali ya rufaa ya Nyeri. Huko ndiko kukatwa kipande na kupimwa. Lakini mionzi yataka mashine maalumu. Kwa miaka mingi Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, ndiyo iliyokuwa hospitali ya Serikali iliyotegemewa na nchi nzima kwa mionzi. Baadaye zimeongezwa mashine katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na katika miji ya Nakuru, Mombasa na Garissa. Kwa mtu wetu njia ni ndefu hata hivyo. Na mionzi haitolewi siku moja akarudi. Ni siku 25 hadi 30 za kwenda hospitali, akilala mjini usiku wote wa wiki zile.

Bima ya Serikali, ambayo tangu Oktoba 2024 ni Mamlaka ya Afya ya Jamii badala ya NHIF ya zamani, huchangia matibabu ya saratani kwa kiwango kilichowekwa. Twawasihi wanachama wote wajiandikishe na kulipa mchango kabla ya kuugua. Lakini bima haimlipii mgonjwa chumba cha kupanga Nairobi, wala uji wa asubuhi, wala nauli ya mwanawe anayemshika mkono. Hapo ndipo mahali pa Chama kama hiki, na kwa kazi hiyo ndiyo kilianzishwa.

Kuhusu kuzuia, yako mambo manne. La kwanza ni chanjo ya HPV. Serikali ya Kenya iliianza Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10, hasa kwa ajili ya saratani ya mlango wa kizazi, lakini huzuia virusi vile vile vya ugonjwa huu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba hata sindano moja huweza kutosha kwa wasichana. Chanjo hufaa inapotolewa mapema, kabla msichana hajaingia katika ndoa. Wako wazazi wanaonong'ona kwamba ni dawa ya kuwafanya tasa. Neno hilo ni uongo, na atakayelisikia na alikanushe. La pili ni kuacha sigara. La tatu ni kwa wenye virusi vya UKIMWI: wanywe dawa zao bila kukosa, wamwambie daktari dalili yoyote ya huko nyuma. Jaribio lililotangazwa Marekani mwaka 2022, lenye watu zaidi ya 4,400 wanaoishi na virusi hivyo, lilionyesha kwamba kutibu mabadiliko ya seli kabla hayajawa saratani hupunguza hatari kwa zaidi ya nusu. La nne ni mpira, ambao hupunguza maambukizo ingawa hauyazuii yote.

Wanachama kadhaa walituletea maswali kabla ya mkutano. Je, saratani hii huambukiza? Hapana. Mgonjwa alale nyumbani mwake, anywee kikombe kile kile, ampakate mjukuu. Je, ni laana? Hapana, ni ugonjwa, kama tulivyoeleza asili yake. Je, mitishamba ikatazwe? Supu ya wazee hatuikatazi, ingawa mgonjwa amwambie daktari kila anachokunywa, maana vingine hupingana na dawa. Tunalokataza ni kungoja. Miti haikupata kuuondoa uvimbe huu, na kila mwezi wa kuijaribu ni mwezi wa ugonjwa kutembea.

Bwana Mwenyekiti, tumefika mwisho, nasi twaleta mbele ya Mkutano mapendekezo matatu ya Kamati.

Mosi, kanuni imtakayo mgonjwa kueleza ugonjwa wake mbele ya Kamati ifutwe. Badala yake itoshe barua ya hospitali, ionyeshwe kwa watu wawili tu walioapishwa kutunza siri, mmoja wao mwanamke, nao waieleze Kamati kiasi cha fedha kinachotakiwa, basi.

Pili, nauli ya kwenda kupimwa mara ya kwanza itolewe bila mkutano, katika siku saba, kwa sahihi ya Mwenyekiti na Mweka Hazina. Ikiwa fedha za maziko zaweza kutolewa kwa siku moja, za uhai zisishindwe kwa wiki.

Tatu, sehemu ya fedha za Chama itengwe kwa ajili ya kodi ya chumba na chakula cha mgonjwa na msindikizaji wake wakati wote wa mionzi, kwa ugonjwa wowote wa saratani.

Wako watakaosema kwamba kanuni ya zamani iliwekwa kuzuia wadanganyifu. Ni kweli, na waliyoiweka hawakuwa na nia mbaya. Lakini tumepekua madaftari ya miaka 6 iliyopita, ukurasa kwa ukurasa, hatukuona mdanganyifu hata mmoja aliyekamatwa kwa kanuni hiyo. Tumeona maombi yaliyoondolewa na wenyewe kimya kimya, bila sababu kuandikwa. Hatujui ni wangapi kati ya hao waliorudi nyumbani kwa aibu kama mama yule.

Wazee wetu, hatuwaombi muuzungumze ugonjwa huu sokoni. Twaomba mtu aweze kuuficha mbele ya wakwe zake na bado apate nauli. Mama yule alishika adabu yake hata mwisho. Sisi ndio tuliomtaka aiache mlangoni kabla ya kumsaidia.

Twaomba Mkutano uyakubali mapendekezo haya.